Ushauri Nasaha kwa Watoto na Vijana: Tufuate Lililojaribiwa

Mada yetu ya leo ni ushauri nasaha kwa watoto na vijana, na hasa swali moja ambalo huulizwa mara chache: tunajuaje kwamba ushauri tunaompa mtoto unamsaidia?

Mtoto akipatwa na homa, mzazi humpeleka zahanati, akapimwa damu, akapewa dawa inayojulikana. Lakini mtoto huyo huyo akianza kujitenga, akaacha kula, akakosa usingizi, akagombana na kila mtu au akakataa shule, mtaa mzima hugeuka daktari. Jirani atasema apelekwe kwa mganga. Mjomba atasema anahitaji fimbo. Shangazi atasema ni umri tu, utapita. Mwingine atasema apelekwe kituo cha polisi akatishwe kidogo. Wote hao wanampenda mtoto na hakuna anayemtakia mabaya. Hata hivyo, ushauri una nguvu kama dawa. Unaweza kuponya, unaweza kukosa kufanya lolote, na unaweza kudhuru.

Sisi wa Magongo tunayajua magari makubwa. Fundi aliyetengeneza breki za trela hamwambii dereva, "Nenda tu, nadhani zitashika." Huzijaribu kwanza hapa gereji, kwa sababu anajua mteremko uko mbele. Basi mtoto wetu naye anastahili ushauri uliojaribiwa kabla ya mteremko.

USHAURI HUJARIBIWA VIPI?

Msikilizaji mpendwa, utafiti wa ushauri nasaha hufanywa hivi. Watafiti huwatafuta watoto wenye shida inayofanana, kwa ruhusa ya wazazi na kwa ridhaa ya watoto wenyewe. Kisha huwagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupata ushauri unaojaribiwa. Kundi la pili hupata huduma ya kawaida, au jambo jingine la manufaa. Baada ya majuma au miezi, makundi yote mawili huulizwa maswali yale yale, na majibu hulinganishwa.

Kwa nini kura? Kwa sababu tukichagua wenyewe, tutawaweka watoto wenye nafuu upande tunaoupenda. Na kwa nini makundi mawili? Kwa sababu watoto wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyopita. Mtoto aliyefiwa na mama yake mwezi wa kwanza hatalia mwezi wa sita kama alivyolia siku ya mazishi. Mshauri aliyekuwa naye anaweza kudhani ni maneno yake yaliyomponya, kumbe ni muda. Kundi la pili ndilo linalotuonyesha kazi ya muda na kazi ya ushauri.

SHIDA NI KUBWA KIASI GANI?

Mwaka 2022 ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 10 hadi 17. Ilionyesha kuwa asilimia 44.3 ya vijana hao walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha ugonjwa. Yaani ukiwaweka vijana wanane pamoja, karibu mmoja ni mgonjwa wa kuhitaji tiba.

Wadogo nao hawakusalimika. Hapa Pwani, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walichunguza zaidi ya watoto 3,000 wenye umri wa mwaka mmoja hadi sita. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017, na yalionyesha kuwa asilimia 13 ya watoto hao walikuwa na matatizo ya tabia au ya hisia.

Wataalamu wa kuwahudumia watoto wote hao hatuna. Ndiyo maana watafiti wa Afrika Mashariki wameuliza: je, mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri anaweza kufanya kazi hii?

MAJIBU KUTOKA BUNGOMA, MOSHI NA NAIROBI

Jibu la kwanza lilitoka Bungoma hapa Kenya na Moshi nchini Tanzania. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na ambao bado walisumbuliwa na msiba huo, waligawanywa kwa kura. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu ya pili walihudhuria mikutano 12 ya kikundi, pamoja na michache ya mtoto peke yake na mshauri. Washauri walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwa wamesomea afya ya akili. Walifunzwa, kisha wakasimamiwa kwa karibu muda wote wa kazi.

Walifanya nini katika mikutano hiyo? Mtoto alifundishwa kuzitaja hisia zake kwa majina: hii ni huzuni, hii ni hasira, hii ni hofu. Alifundishwa kutuliza mwili kwa kupumua polepole. Alionyeshwa jinsi wazo linavyozaa hisia, na hisia inavyozaa tendo. Kisha, kidogo kidogo, alisaidiwa kusimulia habari ya kifo kile alichokuwa akikikimbia moyoni. Walezi nao walikuwa na mikutano yao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata ushauri huo walipungukiwa na maumivu ya moyo kuliko wenzao. Mwaka mmoja baadaye, tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana Kenya, mjini na mashambani. Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu ya kukaribiana. Mwaona jinsi utafiti wa kweli ulivyo: unasema palipofaulu na pasipofaulu.

Somo kwetu ni hili. Wengi wetu mtoto akifiwa humwambia, "Baba amesafiri," au humnyamazisha akitaja jina la marehemu, tukidhani tunamkinga. Watoto wa Bungoma walisaidiwa kwa njia nyingine: kuzungumza juu ya kifo kwa utaratibu, mbele ya mtu mzima anayestahimili kusikiliza, na mlezi akishirikishwa.

Jibu la pili lilitoka shule za upili za Nairobi na Kiambu. Mkenya Tom Osborn na wenzake walitunga mpango uitwao Shamiri, jina linalotokana na neno letu kushamiri, yaani kustawi. Wanafunzi 413 wenye dalili za huzuni nzito au wasiwasi waligawanywa kwa kura. Wote walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, saa moja, kwa majuma manne. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. Kundi la Shamiri lilizungumza mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kwamba kushukuru hupanua moyo, na kwamba kila mmoja ana jambo analolithamini maishani na anaweza kuliishi. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza shule ya upili karibuni tu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini lile la Shamiri lilipata zaidi, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 7. Tazama pia lugha waliyotumia. Hawakumwambia mwanafunzi, "Njoo utibiwe akili." Walimwambia, "Njoo tujifunze kustawi." Kijana anayeogopa kuitwa mwendawazimu na wenzake wa maskani ataingia mlango wa pili kabla ya ule wa kwanza.

WAVULANA NA WASICHANA

Majirani zetu wa Uganda walitupa somo la tatu. Katika kambi za wakimbizi wa ndani za kaskazini, vijana 314 wa Kiacholi wa miaka 14 hadi 17, walioteswa na vita, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata ushauri wa kikundi kuhusu mahusiano yao na watu: misiba, ugomvi, upweke, na mabadiliko ya maisha. La pili lilifanya michezo na sanaa. La tatu lilisubiri zamu yake. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa huzuni ya wasichana waliopata ushauri ilipungua waziwazi. Kwa wavulana, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Na michezo peke yake haikupunguza huzuni hiyo.

Hatusemi mpira ni mbaya. Mpira wa jioni uwanjani una faida zake. Lakini kijana mwenye huzuni ya ugonjwa asipewe mpira tukadhani tumemtibu. Na mshauri mwenye kikundi cha wavulana asitarajie kwamba lililowafaa dada zao litawafaa na wao vile vile. Awafuatilie kwa karibu zaidi.

UTAFITI UNATUAMBIA PIA LA KUACHA

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu baadhi ya mambo tunayoyafanya kwa nia njema yamepimwa yakaonekana kudhuru.

La kwanza ni kuwatisha vijana kwa jela. Mvulana akianza kufuatana na makundi mabaya, akitafuna muguka na kulala nje, wapo wazazi wanaoomba aingizwe seli usiku mmoja, au apelekwe gerezani aone wafungwa, ili aogope. Marekani walilifanya jambo hili kwa utaratibu tangu miaka ya 1970. Vijana walipelekwa magerezani, wakafokewa na wafungwa wa maisha. Kila mtu alilisifu. Kisha likapimwa. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulikusanya majaribio 9 yenye vijana wapatao 950. Waliopelekwa kutishwa walifanya makosa zaidi baadaye kuliko wale walioachwa bila kufanyiwa lolote. Mzazi wa Magongo, usimpeleke mwanao kwenye hofu hiyo. Unaweza kuwa unamtafutia marafiki wapya wa kumharibu.

La pili ni kumlazimisha mtoto asimulie yote mara moja. Baada ya ajali au moto shuleni, ilikuwa desturi kwa washauri kufika na kuwataka walionusurika waeleze kila walichokiona katika kikao kimoja. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa vikao hivyo vya mara moja havikuwakinga watu na maradhi ya kiwewe, na vingine vilionekana kuwazidishia. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia: mpe mtoto usalama, maji, chakula, mkutanishe na watu wake, msikilize akitaka kusema, na usimlazimishe akinyamaza. Kumbukeni, watoto wa Bungoma walisimulia misiba yao, lakini walifika hapo polepole, wakiwa wamekwisha kufundishwa kutulia.

La tatu ni fimbo. Twapenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, ila haikusema umkunje kwa kumpiga. Tafiti za nchi nyingi zimeona kuwa watoto wanaopigwa huelekea kuwa wagomvi zaidi na wenye huzuni zaidi. Nayo sheria yetu ya elimu ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kipigo.

MSHAURI WA MTAANI AFANYE NINI?

Pengine wewe ni mwalimu wa ushauri shuleni, ustadh wa madrasa, kiongozi wa vijana kanisani, au mhudumu wa afya ya jamii. Utasema, mimi si mtafiti. Hata hivyo, ipo njia ya kitafiti unayoweza kuitumia kesho asubuhi, ukiwa na daftari na kalamu tu: muulize mtoto, kila mnapokutana, hali yake ikoje, na uandike.

Huko Marekani, mtafiti Leonard Bickman na wenzake walifuatilia vijana 340 waliokuwa katika ushauri. Vijana walijaza maswali mafupi mara kwa mara. Washauri wa baadhi ya vijana walipewa majibu kila juma, na wengine hawakupewa kila juma. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa vijana ambao washauri wao walipata majibu kila juma walipata nafuu haraka zaidi. Mshauri aliyepata habari mapema aliweza kubadilisha njia mapema.

Basi chagua maswali machache yasiyobadilika. Juma hili umelala vizuri siku ngapi? Umekula vipi? Umecheza au kuzungumza na wenzako? Umekuwa na moyo mzito siku ngapi? Umeenda shule siku ngapi? Linganisha na juma lililopita. Baada ya majuma manne au matano, kama mambo ni yale yale, usiendelee tu kwa mazoea. Badilisha njia, au mpeleke kwa mwenye ujuzi zaidi.

Uliza kwa lugha ya mtoto. Kijana wa hapa hatakuambia ana ugonjwa wa huzuni. Atasema anafikiria sana, kichwa kinamuuma, au moyo wake haupo. Watafiti wa Kilifi waliyajaribu kwa Kiswahili maswali tisa ya kupima huzuni yanayotumika duniani kote, kwa sababu swali lililotafsiriwa bila kujaribiwa linaweza kueleweka vingine.

Na mshirikishe mlezi. Mweleze mtoto tangu siku ya kwanza kwamba siri zake utazitunza, isipokuwa jambo la kuhatarisha maisha yake au ya mwingine. Ukisema hivyo mapema, hataona umemsaliti siku utakapolazimika kusema.

MAMBO YASIYONGOJA

Yapo mambo ambayo hayangoji majuma manne. Mtoto anayezungumza juu ya kufa, anayejidhuru, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyenajisiwa, anahitaji msaada siku hiyo hiyo. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kwisha, ili apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI.

Wazazi wengi huogopa kumuuliza kijana kama anafikiria kujiua. Wanasema, nitamtia wazo kichwani. Hofu hiyo nayo imepimwa. Mwaka 2005 zilichapishwa habari za wanafunzi 2,342 wa shule za upili katika jimbo la New York. Baadhi waliulizwa juu ya kujiua na wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuzidiwa na mawazo hayo wala kufadhaika kuliko wenzao. Kwa hiyo muulize kwa upole na waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimfokee wala usimhubirie. Kaa naye, ondoa dawa, sumu na kamba karibu naye, na mtafutie msaada.

Wala usimfiche kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kijana huyo ni mgonjwa wa kuhudumiwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Hapa kwetu, Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Ipo pia namba ya simu ya watoto, 116, ambayo haina malipo. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mzazi, jirani au mwalimu vile vile.

TUKUMBUKE

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kuagana tukumbuke machache. Ushauri nasaha hupimwa kama dawa. Mtu wa kawaida aliyefunzwa na anayesimamiwa anaweza kumsaidia mtoto. Bungoma na Nairobi wametuonyesha. Vitisho na fimbo si tiba. Kilichomsaidia mmoja huenda kisimsaidie mwingine, kwa hiyo muulize mtoto mwenyewe kila juma na uyaamini majibu yake kuliko mazoea yako. Na sala na dua ziendelee, kwani zinaipa familia nguvu, lakini zisizuie safari ya hospitali.

Zungumzeni haya nyumbani, barazani na shuleni. Tukutane tena katika kipindi kijacho, na Mungu awalinde watoto wetu.

Maswali ya kuzungumzia baada ya kipindi

1. Katika mtaa wenu, mtoto aliyebadilika tabia hupelekwa wapi kwanza? Njia hiyo imewahi kupimwa na nani?
2. Kwa nini watafiti hutumia kura na makundi mawili?
3. Mzazi mwenzenu anataka mwanawe atishwe kituoni. Mtamwambia nini?
4. Andikeni maswali matano, kwa maneno ya hapa Magongo, ambayo mshauri anaweza kumuuliza kijana kila juma.